Redio Iliyogoma Kabla ya Jina Langu

Enzi zetu, sisi tuliokulia Buganguzi katikati ya migomba na mibuni, redio ikigoma haikukimbiziwa fundi. Ilichapwa kofi kwanza. Ikizidi ubishi, betri zilitolewa, zikang'atwa matakoni, zikaanikwa juani kwenye jamvi la kahawa, na jioni zilikuwa na nguvu ya nyimbo tatu, wa nne ukiimbwa kama na mlevi. Vijana wa leo simu ikiganda dakika moja wanataka mpya, eti hii imezeeka.

Yetu ilikuwa redio kaseti ndogo ya kubeba mkononi, mfuniko wake umefungwa kwa mpira. Muziki ilipiga, lakini kazi yake kubwa ilikuwa barua. Baba alikuwa visiwani, huko ziwani, akinunua dagaa, na kwa kuwa Bibi hakujua kusoma, Baba alijirekodi kwenye kaseti akampa mchuuzi wa samaki ashuke nayo bandarini Kemondo. Ilitufikia imeviringishwa gazeti, inanuka dagaa. Basi Bibi aliiweka redio kwenye kiti, na mbele yake kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyokaribishwa mgeni yeyote kwetu. Baba akisalimia humo ndani, Bibi anaitikia, tena anamuuliza hali za huko.

Baba alisalimia kwa kufuata umri. Siku moja alianza na Bibi, akaja Mama, upande wa kwanza ukaisha. Kaseti ikageuzwa. Akamwambia kaka yangu Mutalemwa asome kwa bidii, akamwambia dada Kemi amsaidie Mama. Niliyebaki ni mimi, Koku, kitindamimba. Hapo sauti ikawa nzito, ikavutika, ikanyamaza.

Siku mbili sikula vizuri, na msimu ulikuwa wa senene, wale panzi watamu wa kukaanga. Baba alipoondoka nilikuwa bado nabebwa mgongoni, nilitaka kujua kama ananikumbuka. Mutalemwa, fundi wetu wa kujitangaza, aliuzungusha mkanda kwa penseli, akafuta vyuma kwa pamba, akachapa makofi mpaka Mama akamkataza. Kila akirudisha kaseti, redio inakoroma na kufa. Siku ya pili akatangaza, "Hii basi tena. Naifumua nichukue sumaku ya spika."

"Usifumue," nikasema huku nalia. "Nilimpa Baba kahawa."

Ndivyo ilivyokuwa. Kaseti ilipokuwa inageuzwa, niliona kila mtu ameshachukua kahawa kikapuni ila yeye anayesalimia, nikamdondoshea punje moja mle ndani ya redio. Mutalemwa alichokoa kwa spoku ya baiskeli, punje ikatoka pale kwenye kigurudumu kinachovuta mkanda. Mama alikuwa ameshashika fimbo. Bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

"Mwacheni," alisema. "Ninyi wote mlitafuna mbele ya mgeni. Huyu ndiye aliyemkumbuka."

Kaseti ikarudishwa, na Baba akaendelea palepale. "Na Koku wangu. Nimemnunulia viatu, ila sijui mguu umefikia wapi." Nilisimama nikaunyoosha mguu mbele ya redio, auone. Walinicheka miaka.

Sasa naishi mjini, Bilele, na mume wangu yuko safarini mara nyingi. Hutuma ujumbe wa sauti asubuhi, mchana na jioni. Wanangu huuendesha mbio ili uishe upesi, baba wa watu anasikika kama kuku, na kabla hajamaliza wameshafungua kitu kingine. Nikiwagombeza wananiambia, "Mama, ataleta mwingine." Ni kweli, ataleta.

Sisi kaseti ilikuwa hiyo hiyo moja. Tulirekodi majibu yetu juu ya sauti ya Baba, tukaifuta, tukairudisha kaseti visiwani. Baba ameshatangulia miaka mingi sasa. Wanangu wana sauti za baba yao mia kwenye simu, wala hawazihesabu. Mimi ya wangu sina hata moja, na natamani sana kuisikia.