Mabati Yaliyonunuliwa Mapema

Mwanangu, kaa hapo. Nimesikia baba yako amepatikana na kansa, na jana wewe na ndugu zako mlifanya kikao cha siri juu yake, mkidhani amelala chumba cha pili. Nami niliwahi kufanya kikao kama hicho, miaka ya tisini, nikiwa kijana mwenye nguvu nyingi na akili kidogo.

Siku yenyewe naikumbuka kwa kelele za mabati. Mimi na mdogo wangu Ouma tulikuwa tukiyashusha kwenye mkokoteni mtaa wa Kongo, huko Kawangware, alikopanga chumba. Mama yetu alikuwa mjane, akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, Kisumu Ndogo, Kibera. Madaktari walimkuta na kansa ya mlango wa kizazi, wakasema atibiwe kwa mionzi, ambayo watu huita kuchomwa. Sisi tuliposikia kansa, hatukusikia neno lingine. Kwetu Waluo, mjane hazikwi kabla ya kuwa na nyumba kwake mashambani, na ya Mama ilishaanguka. Tukaamua wenyewe: pesa iliyopo inunue mabati, naye apandishwe basi arudi nyumbani "kupumzika". Tulijiona wana wema kweli.

Mara Mama akatokea kichochoroni, leso kiunoni, jasho usoni. Alikuwa ametoka Kibera kwa miguu kutuambia kwamba hospitali imempa siku ya kuanza matibabu, na anataka mmoja wetu amsindikize. Akayatazama mabati.

"Okoth, hii mabati ni ya nini?"

Nikasema ni ya nyumba. Ouma akaangalia viatu vyake.

"Nyumba ya kuishi ama ya kuzikwa?"

Mama hakulia, wala hakupandisha sauti.

"Daktari amesema nichomwe. Hajasema nizikwe. Nyinyi mliniuliza? Chumba yangu inavuja juu ya kitanda, na mabati mko nayo hapa."

Akaketi juu ya rundo lile, akaomba maji. Niliona aibu, mwanangu. Hata leo ikinijia hujifanya nakohoa.

Mwenye ploti alikubali tuezeke upya chumba cha Mama. Mabati yaliyobaki tukayauza, yakawa nauli ya hospitali, nasi tukamsindikiza kwa zamu. Matibabu yalimchosha vibaya. Alitapika, harufu ya omena ikamshinda, nikauza mimi huku yeye akinikemea kutoka kitandani kwamba nawapunja wateja wake. Lakini alirudi kibandani pake, akauza kwa miaka, akawabeba wajukuu.

Alipofariki tuliyang'oa yale mabati, tukayapeleka nyumbani kumjengea. Yalikuwa na kutu na matundu ya misumari. Wazee wakanung'unika kwamba tumemwezekea mama yetu mabati makuukuu. Nikawaambia ni haya haya yaliyomkinga mvua akiwa hai, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeamua yatumike hivyo.

Kwa hivyo muulize baba yako anataka nini, kisha unyamaze umsikilize. Akitaka kutibiwa, msindikizeni. Akikataa, ulizeni sababu kabla ya kubishana naye. Hata kama siku zake ni chache, bado ni zake. Na usidhani jana alikuwa amelala.

Mungu ampe nguvu baba yako, nawe akupe masikio. Haya, inuka uende kwake.