Saini Niliyomtungia

Huyu rafiki yangu tulipatana Riruta, nyumba za kupanga za plot moja, mlango wake unaangalia wangu. Wiki ya kwanza kuhamia hapo nilishikwa na homa mbaya, na mtu sijui hata jina lake akawa anaingia na uji kila asubuhi mpaka nikasimama. Kutoka hiyo siku ukimgusa umenigusa mimi. Kwa hivyo nikisema nilimharibia, usidhani ni maneno ya mtu hajali.

Tulijiunga na chuo pamoja. Kampasi yetu iko tauni, katikati ya jiji, ghorofa ya nne, chini kuna maduka ya viatu na jamaa wa chaja mwenye sauti kubwa, unasikia bei zake katikati ya somo. Kozi yetu ilikuwa usimamizi wa biashara na uongozi. Wengi darasani walitoka shule wakaingia chuo moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimekaa nje miaka sita, nikifanya kazi kwa saiba, duka la kompyuta na intaneti. Kompyuta nilijifundisha. Kizungu ya ofisi niliokota kwa barua za kazi nilizokuwa natypia watu. Usimamizi nao nilisoma kwa vitabu kuukuu, zile huuzwa chini kando ya barabara.

Kazi yangu kubwa hapo saiba ilikuwa kujazia watu fomu. Mtu anakuja na kitambulisho, anakaa, anasema nijazie tu, wewe ndio unajua. Wengine walikuwa na haraka, wananiambia niweke na saini kabisa. Nilikuwa naweka. Kwangu hiyo haikuwa uwongo, ilikuwa huduma.

Mwaka wa mwisho tukapewa somo moja la lazima, la uongozi, na likapangwa Jumamosi asubuhi. Sasa, Jumamosi ndio siku mbwa za matajiri wa mtaa wa Karen huwa wagonjwa. Rafiki yangu alikuwa mapokezi kwa kliniki ya wanyama huko, na bosi wake alimwambia wazi, siku zingine tunaweza kuongea, Jumamosi hapana. Chuo nacho kiko na sheria yake: ukikosa zaidi ya robo ya masomo, huruhusiwi kufanya mtihani. Bila huo mtihani hangehitimu, na somo lingerudi mwaka ujao tu. Mamake, huko Magharibi mwa nchi, alikuwa ashatangaza kanisani kuhusu hiyo siku ya joho. Kina mama wa kwaya walikuwa washachagua kitambaa cha sare.

Jumamosi ya kwanza akanitumia ujumbe. Mamaa, nisainie leo tu.

Kwetu hiyo ni kawaida. Karatasi ya mahudhurio inazungushwa, unasaini yako na unasaini ya mtu wako, wengine hata wanakuja na peni mbili, bluu na nyeusi, ili isionekane ni mkono mmoja. Lakini nilipofika kwa jina lake, nikagundua sijawahi kuona saini yake. Miaka tatu tunakula kwa sufuria moja na sijui anasaini aje. Nikatunga. Nikachukua herufi ya kwanza ya jina lake nikaivuta ikawa na mkia mrefu, nikapiga mstari chini, nikamalizia na nukta mbili. Ilikuwa maridadi kuliko yangu. Niliiangalia kidogo kabla nipitishe karatasi.

Leo tu ikawa Jumamosi tisa. Nilikuwa narekodi somo kwa simu, jioni anakuja kwangu, tunasikiza akinikatia mboga ya sukuma. Alikuwa anashika haraka kuliko mimi. Yeye ndiye alinieleza kugawia watu kazi ni nini, akitumia vile wanapanga zamu za kuosha mbwa, na siku hiyo darasani nilikuwa nimetoka bure. Kwa hivyo mtu asiniambie hakusoma. Tuliongea kila kitu kwa hiyo jikoni, isipokuwa saini. Sikuwahi kumwonyesha. Haikunijia hata. Kule saiba mwenye fomu hakuwahi kurudi kuangalia vile nilimsainia.

Grupu yetu ilikuwa ya watu watano. Kuna kijana mmoja wa kuvaa tai, yeye alitaka jina la rafiki yangu litolewe kwa kazi ya grupu kwa sababu hatujawahi kumuona hata Jumamosi moja. Nilimwambia hapo kwa ngazi, watu wakisikia, kwamba akitoa hilo jina nitamtoa yeye kwa dirisha. Mimi ndiye nilikuwa kiongozi wa grupu, na huo ndio uongozi nilikuwa najua.

Jumamosi ya kumi ilikuwa ya kusimama mbele ya darasa, kila mtu na sehemu yake, kila mtu na maksi zake. Rafiki yangu aliomba ruhusa mpaka bosi akachoka kumkatalia. Akakuja na blauzi ya kijani na nywele mpya, na akaongea sehemu yake bila karatasi. Mwalimu wetu, mzee mpole tunamwita Dokta, aliacha kuandika akamsikiza. Mimi nilikuwa nataka kulia kwa furaha.

Halafu karatasi ikazunguka. Ilimfikia yeye kabla yangu, na nikamuona akisaini. Mkwaruzo tu. Herufi mbili na mstari, kama mtu anafuta makosa. Haikufanana na ile yangu hata kwa nukta.

Nikasaini yangu, karatasi ikaenda. Dokta akaipokea, akaiangalia, akatoa faili yake kwa begi, akaanza kurudi nyuma ukurasa kwa ukurasa. Akamuita mbele kwa jina.

"Madam, leo nani amekusainia?"

"Ni mimi, Dokta. Nimesaini mwenyewe."

"Hapana. Ya kwako naijua. Ninayo hapa mara tisa."

Watu wakacheka. Dokta akamgeuzia faili, na yeye akainama kuangalia. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuiona. Akaiangalia sana, vile mtu huangalia picha yake akiwa mtoto. Dokta akampa karatasi tupu asaini tena. Akasaini. Mkwaruzo ule ule. Hata angetaka kunakili ule mkia, mkono wake ungeutoa wapi?

"Basi hizi tisa ni za nani?"

Nilikuwa nimeanza kusimama. Mimi hasira zangu huanzia kwa magoti. Yeye hakugeuka, alirudisha tu mkono nyuma ya mgongo, akaushusha polepole, vile unaambia mtoto akae. Nikakaa. Sijawahi kutii mtu haraka hivyo.

"Ni mtu wa nje, Dokta," akasema. "Hamumjui."

Idara ikamfanya aandike hayo maneno kwa karatasi yao, akayasaini, na zile Jumamosi tisa zikahesabiwa amekosa.

Jumanne nikaenda ofisini kwa Dokta bila kumwambia rafiki yangu. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kote. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia hakuna somo rafiki yangu alikosa, ninazo zote kwa simu, amuite amuulize swali lolote, na kama kuna mtu wa kuadhibiwa niko hapa nimesimama. Sauti ilipanda mpaka katibu akafungua mlango kuangalia kama kuna vita. Dokta alingoja nimalize. Akasema alijua ni mimi tangu Jumamosi, akienda nyumbani. Ule mstari na nukta mbili ndio huwa naweka chini ya vichwa vya insha zangu.

Akasogeza daftari yake karibu, akafungua peni.

"Sasa sikiza, msichana wangu. Ameandika kwamba ni mtu wa nje. Nikiandika ni wewe, atakuwa amedanganya idara. Kukosa mtihani ni mwaka mmoja. Kudanganya idara ni kufukuzwa. Niandike?"

Mimi mtu wa maneno, mimi ambaye kondakta hunishusha akiniomba msamaha, nilisimama hapo nikaangalia hiyo peni.

"Niandike?" akauliza tena.

Nikasema hapana.

Nilipofika Riruta nilimkuta anafua sare ya kliniki, na hasira zote zikamwangukia yeye. Nikamuuliza nani alimtuma kunilinda, nani alimwambia mimi ni wa kulindwa. Aliendelea kufua mpaka nikaishiwa.

"Ungeongea, tungekuwa nje wawili," akasema. "Mwaka ujao ningeuliza nani maswali?" Halafu akakamua kola. "Na hiyo saini ulitoa wapi, mamaa? Hiyo ni ya mkurugenzi."

Alicheka. Mimi nilishindwa. Baadaye akatoka nje kupigia mamake simu, na nikamsikia kupitia ukuta akiongea lugha yao. Mimi si wa huko, siielewi. Aliporudi aliniambia kitambaa cha kwaya kilikuwa kishakatwa, fundi alikuwa ashaanza.

Mtihani ulikuwa Jumatatu asubuhi. Kwenye mtihani karatasi ya kusaini huja na majina yamepigwa chapa tayari, kwa kufuata namba, na sisi tulisajiliwa siku moja, mmoja nyuma ya mwingine. Jina lake liko juu ya langu. Karatasi ilipofika kwangu, walio juu ya jina lake walikuwa wamesaini wote, halafu nafasi yake tupu, halafu mimi. Peni ilikuwa mkononi. Nakuambia ukweli, kidole changu kilikuwa kimeanza ule mkia, hewani, kabla nikishike.

"Dada, wengine wanangoja," msimamizi akasema.

Nikasaini yangu. Msimamizi akaichukua, akaona hiyo nafasi, akatoa rula na peni nyekundu mfukoni. Aliegemea dawati langu, akapiga mstari kutoka mwanzo wa jina la rafiki yangu mpaka mwisho, taratibu, usipinde, kisha akaenda kwa aliye nyuma yangu.