Ubao Niliochongewa na Baba Mkwe

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Kwa miaka kumi na minne nimewafundisha watoto wa Ipinda kwa nini kitu huelea na kwa nini huzama, na bado nilianika kakao juu ya ubao wa kuteleza kwenye mawimbi.

Ubao wenyewe aliuacha mgeni mmoja kwenye nyumba ya wageni ya Matema, ambako wifi yangu ni mpishi. Mgeni alikuwa anarudi kwao na hakutaka kuhangaika nao uwanja wa ndege. Wifi akanipigia simu kuniuliza kama ninahitaji kitu kirefu cha manjano. Nikasema ndiyo kabla sijajua ni nini, maana ndivyo nilivyo.

Wengi hudhani ziwa letu ni bwawa la kufulia. Hawajalikuta mwera, ule upepo mkali wa kusini, ukivuma, maji yanapokuja yamejikunja na kupiga ufukweni mpaka nguo za waosha vyombo zinalowa. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, watoto watatu, na cheo katika kwaya ya akina mama. Kila Jumamosi nilipanda gari kwenda ziwani, nikavaa suruali ya kubana na fulana ya michezo ya shule, nikajifunga kanga mpaka ukingo wa maji, nikamwachia wifi kanga, nikaingia. Miaka miwili nilikwenda hivyo. Muda mwingi nililala kifudifudi nikipiga makasia kwa mikono. Kusimama nilisimama mara moja, kwa muda wa kupiga chafya, na habari hiyo niliwasimulia walimu wenzangu muhula mzima.

Kisha ukaja msimu wa kakao. Mikeka yote ilikuwa imejaa, na mvua ya Kyela haipigi hodi. Nikautazama ule ubao, mrefu, laini, mwepesi, unaobebeka pamoja na kakao yake ukaingizwa ndani wingu likitokea. Nikajipongeza kwa akili. Kakao iliyotoka kuvundikwa, mbichi na chachu yake, ikakaa juu ya ubao juma zima juani. Ubao ukatoka malengelenge. Niliyaona. Nikasema ni ya juujuu. Jumamosi iliyofuata wimbi la kwanza likaukunja katikati, nikarudi nchi kavu na vipande viwili, kimoja kila kwapa.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta fundi.

Wa kwanza alikuwa mjini Kyela, fundi anayeziba bampa za magari kwa faiba. Akavizungusha vile vipande, akaniuliza ni bampa ya gari gani. Nikamweleza. Akasikiliza kwa adabu, akaunga, akapaka puti, akapiga msasa, akapulizia rangi ya fedha. Ulipendeza kama gari la bibi harusi. Majini ukakunywa maji kupitia kwenye kiungo, na ile safari ya kurudi ufukweni niliuvuta mimi badala ya wenyewe kunibeba. Wa pili alikuwa seremala wa Ipinda aliyenitengenezea mpya wa mninga. Walihitajika wanaume watatu kuupakia kwenye gari. Sasa ni benchi sebuleni kwetu, na wageni wanalisifu sana.

Kila niliyemweleza shida yangu alinipa jibu moja: yupo mzee ufukweni anayechonga mitumbwi, mitumbwi yake inapita juu ya mawimbi pale ambapo ya wengine inayanywa, kwa nini usiende kwake? Nilikuwa nakunja uso na kubadilisha mazungumzo. Mzee huyo ni baba mkwe wangu.

Kwetu, mwanamke hakutani na baba wa mume wake. Hamtazami, hasemi naye, hali anapoweza kumwona. Akisikia kikohozi chake njiani anaingia migombani. Jina lake hatamki, na hapa silitaji. Hata ningetaka, mdomo usingefunguka. Vijana wengi wa mjini wameyaacha mambo haya, na mchungaji ameshasema Mungu hadai. Mimi nilifundwa na mama yangu kule Ipyana, na katika miaka kumi na miwili ya ndoa sijawahi kukosea hata mara moja. Mzee aliwahi kuwaambia ndugu zake kwamba mke wa mwanawe ana shahada na bado ana heshima. Maneno hayo yaliletwa kwangu, na nimeyatunza kuliko cheti cha chuo. Sasa nimwambieje kwamba mwenye heshima huyo analala kifudifudi majini na suruali ya kubana? Nilikuwa na uhakika hajui. Sehemu niliyoogelea ilikuwa nyuma ya kona ya miamba, mbali na pale anapochongea.

Lakini mwera ulikuwa umeanza, na mimi nilikuwa nikiusikia usingizini. Nikamwendea mama mkwe, nikapiga magoti jikoni kwake, nikamweleza nusu ya ukweli.

"Ubao wa kuchezea majini," akasema. "Kwa ajili ya wanafunzi?"

"Kwa ajili ya somo, mama," nikasema.

Akachukua mchoro niliokuwa nao akaenda ufukweni. Ulikuwa mchoro mzuri. Nilikuwa nimechora mishale ya nguvu ya kuelea, mishale ya uzito, na fomula chini yake, iliyopigiwa mstari mara mbili, kwa manufaa ya mtu aliyechonga mitumbwi tangu kabla sijazaliwa.

Mama mkwe akarudi nao, na asante ya mzee kwa kilugha chetu.

"Anasema ndaga. Mishale hajaielewa. Anauliza huyo mtu ana kilo ngapi."

"Sitini na tano," nikasema.

Akaenda. Akarudi.

"Anauliza kama hizo kilo ni za mwaka huu."

Nilijisikia nimeonewa. Hajawahi kuniona, anajuaje? Nikasema, kwa sauti ya mwalimu wa zamu, kwamba ni za mwaka huu. Zilikuwa za mwaka niliofunga ndoa.

Alichonga wiki tatu. Mti wenyewe, mwepesi na mweupe, alikwenda kuutafuta mwenyewe mlimani. Akaupasua, akachimba matumbo yake kwa tezo, akaufunga, na kwa ushauri wangu, ambao safari hii haukudhuru, ukapelekwa kwa yule fundi wa bampa uvalishwe faiba. Ulikuwa mzuri kiasi kwamba sikutaka kuulowanisha. Nilipoulalia, ukashuka taratibu, kwa heshima, mpaka maji yakanifika kidevuni, ukatulia hapo. Wifi yangu alicheka mpaka akakaa mchangani.

Kwa mtu anayefundisha somo hili, hakuna pa kujificha. Wiki tatu za mzee, na mti wake wa mlimani, nilikuwa nimevizamisha kwa kilo zangu za harusini. Niliona aibu ya kweli, si ya kuchekea. Mama mkwe hakunigombeza. Alinishika mkono akanipeleka kwenye chama cha wakulima, siku ya mauzo, foleni imejaa, akamwambia mpimaji aondoe gunia la kakao kwenye mzani. Nikapanda mimi. Mpimaji akasoma kwa sauti, kama anavyosomea kila gunia: themanini na mbili. Mtu mmoja nyuma akauliza kama unyevu umeshatolewa.

Majibu yakapelekwa ufukweni. Nilingoja jikoni nikipepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa.

"Anasema ndaga fijo," mama mkwe akasema aliporudi, safari hii ikiwa asante sana. "Sasa anajua anamchongea nani."

Ubao wa pili ulipokuwa tayari, mzee alikuwa msibani Bujonde, ndiyo maana niliruhusiwa kwenda na mama mkwe kuuchukua pale anapochongea. Nilikuwa sijawahi kufika. Lilikuwa banda la nyasi lisilo na kuta, hatua chache kutoka majini. Nikatazama kulia: kona yangu ya miamba, ile iliyonificha miaka miwili, ilikuwa wazi yote. Mtu aliyekaa hapo angesoma jina la shule kwenye fulana yangu.

Kisha nikaona vibanzi vinavyodondoka anapochonga. Upande wa ziwa vilikuwa vya zamani, vya kijivu, vimeoza. Vipya vyote, virundo kwa virundo, vilikuwa upande wa mlimani. Magogo ya kuchongea yalikuwa yamegeuzwa, na kigoda chake kilitazama mlimani, mahali ambapo paa limeshuka na mwanga ni hafifu.

"Mama, kwa nini anachonga akitazama huko?"

"Toka ulipoanza kuja Jumamosi," akasema, akikung'uta kanga yake. "Kwanza alikuwa anageuka na kugeuza magogo kila ukifika. Yakawa mazito. Akayaacha hivyohivyo. Sasa wavuvi wakimwita inabidi wazunguke."

Nilikaa chini juu ya vile vibanzi. Miaka miwili nilijihesabia kwamba mimi ndiye ninayeshika heshima, kwa kupanda gari na kuzunguka kona, na kumbe aliyekuwa anaishika alikuwa mwanamume wa miaka sabini na kitu anayechonga gizani ili mimi nicheze. Nililia kidogo, mama mkwe akaniacha nilie.

Jumamosi iliyofuata sikwenda nyuma ya miamba. Niliingia majini mbele ya banda. Mzee alisimama ukingoni mwa banda, uso mlimani. Mama mkwe alisimama kando yake, uso ziwani, na kazi yake, alivyonisimulia baadaye, ilikuwa moja tu.

"Amelala. Anapiga mikono. Wimbi linakuja. Amepita juu yake, halijammeza."

"Maji yanamfika wapi?"

"Hayamfiki. Amepiga goti. Ngoja. Amesimama, baba! Amesimama!"

Nilikuwa nimesimama kweli. Ubao ulikuwa unakimbia chini ya kilo zangu zote themanini na mbili, na nikatamani kitu ambacho mila yetu haikipi nafasi: anione. Mimi pia sikutakiwa kumtazama. Nikamtazama. Nikaona mgongo, shati la bluu lililofifia, na kisogoni upara mdogo kama ule wa mume wangu. Akainua mkono wenye tezo juu kabisa, akiupungia mlima. Nikainua wangu kumwitikia, nikaanguka.