Ukumbi wa Mwesiga Usiotaka Misiba

Mdogo wangu Mwesiga ni fundi, hilo sibishani na mtu. Hapa Hamugembe, mjini Bukoba, simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maziwa anaifufua. Lakini ubishi wake! Mimi Judica ndiye niliyemlea, najua ninachosema.

Yeye ndiye aliyekitengenezea tovuti chama chetu cha watunzi wa mashairi, watu ishirini na sita wa Bukoba na Muleba. Miezi minne anahangaika nayo, macho mekundu. Akaiita Ukumbi. Alitaka kitu kimoja tu: mtu akiifungua popote alipo, akute mashairi yetu, hasa ya Mutembei wa Kimwani. Sisi wengine, tusidanganyane, tunamfuata nyuma. Kundi la WhatsApp akalifunga kabisa. "Kila kitu kiwekwe ukumbini," akatutangazia.

Basi watu wakaweka kila kitu, jamani! Asubuhi, "Mmeamkaje wapendwa." Mchana, picha ya mkungu wa ndizi wa Mwijage. Likiwekwa shairi, kimya. Ikiwekwa tanzia ya shangazi wa mtu, pole ishirini na ushee, na kila mmoja anaandika upya "Bwana ametoa, Bwana ametwaa", mpaka shairi linasukumwa chini halionekani tena. Mwesiga akaandika kanuni. Wakamjibu "Amina".

"Dada, hawa watu watanitia wazimu!" akaniambia. "Nimejenga ukumbi wa sanaa, wao wameugeuza ubao wa vifo!"

"Sasa wewe ulitaka Wahaya wasipeane pole? Watengee chumba cha misiba, yaishe."

Chumba gani! Alikuwa keshakasirika. Akaweka mtego: andiko lolote lenye neno msiba, tanzia au mazishi linafutwa lenyewe papo hapo, bila kusomwa na mtu. Wiki mbili ukumbi ukawa safi. Akanionyesha anacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikamsifu. Kilichomkera kilibaki kimoja, Mutembei alikuwa haleti kitu.

Halafu Nuriat, mwenzetu wa Muleba mjini, akanipigia simu kwa ukali. "Mama yake Mutembei amezikwa Jumanne ya wiki iliyopita! Mimi nimesikia leo sokoni. Hata mmoja wetu hakufika. Tumekuwa watu gani?"

Huku kwetu mtu akikosekana kwenye msiba wako, huwezi kumsahau. Kesho yake tukapanda basi, mimi na Mwesiga. Njia nzima nilitamani kumzaba kibao mbele za abiria.

Tulimkuta Mutembei anakata majani makavu kwenye migomba. Akatukaribisha ndani, akatuletea akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kwa adabu ile ya kumpokea mgeni usiyemjua. Nikapiga magoti, nikampa pole.

"Lakini mbona hukutupigia, waitu?" nikamuuliza.

"Si mlisema kila kitu kiwekwe ukumbini? Niliweka. Mama alipokata roho nilikuwa nimekaa pale pembeni ya kitanda, nikaandika. Beti kumi na nne. Ndiyo ilikuwa tanzia yangu." Akamtazama Mwesiga. "Nikajua mmesoma, mkanyamaza."

Mwesiga akamweleza habari ya mtego. Alieleza vibaya, anarudia rudia, jasho linamtoka. Mutembei alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakala unayo, kaka?" Mwesiga akamuuliza.

"Niliandika humo humo."

Mwesiga alitoa simu yake, akaanza kubonyeza huku na huku, fundi wa watu, na mimi nilijua hakuna anachokitafuta. Mtego aliutengeneza vizuri, haubakizi kitu. Mwisho akaiweka mezani.

"Basi tuambie hata ubeti mmoja, kaka. Niuandike mimi."

"Nimejaribu kila siku, mdogo wangu," Mutembei akasema. "Nakumbuka tu kwamba mama angelipenda shairi lile."