Mwanafunzi wa Shaibu

Yule Mjerumani wa reli alijifunza Kiswahili kwa Shaibu, lakini alitaka maneno ya kuamrisha tu. Njoo, nenda, lete, yale yasiyofuata kanuni, ndiyo aliyoyashika upesi, akiyagonga mezani kwa kidole chenye wino. Salamu alizikataa kabisa. Hazijengi reli, alisema. Leo kule Mkonze, katikati ya kiangazi, bibi kizee mmoja alitua kibuyu chake mbele yao. "Karibu maji, mwanangu," akasema, mkono ameshaunyoosha kumpa. "Lete," akajibu yule bwana, akanywa, akayamwaga yaliyobaki mchangani. "Nenda." Kisha akamgeukia Shaibu, kifua mbele, akingoja sifa. Shaibu aliutazama mchanga uliolowa. Laiti angekosea hata neno moja. Yote aliyatamka sawasawa, kama alivyofundishwa.