Kwaya Iliyombonyezea Asnath

Mimi napenda kujua mambo ya watu, na sioni haya kulisema. Mama yangu kule Kondoa alikuwa akinicheka kwamba Kuluthumu akipita penye msiba atauliza marehemu alikula nini mara ya mwisho. Ni kweli, ningeuliza. Kwa hiyo mwenye duka la intaneti pale mjini Dodoma aliponiajiri nikae mlangoni niuze muda, alikuwa amemkabidhi fisi bucha. Kazi ilikuwa kuwasha kompyuta, kuandika mtu ameingia saa ngapi, na kuvuta kamba ya jenereta, maana ulikuwa mwaka ule wa mgao wa umeme. Hayo mengine ya kuchungulia nilijiongezea mwenyewe.

Asnath alinivutia tangu siku ya kwanza kwa sababu ya vidole vyake. Vijana wetu waliandika kwa kidole kimoja huku wakitafuta herufi kama kuku anayedonoa. Yeye aliandika bila kuangalia chini, haraka, mgongo umenyooka, na mkoba wa ofisini umelala magotini. Ofisi yenyewe hakuwa nayo tena. Alikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma lililouzwa, na mwenye mali mpya alikuja na kompyuta zake na watu wake. Asnath na wenzake wakapewa kiinua mgongo na kushukuriwa. Kiinua mgongo chote kikaishia kumuuguza mama yake, na baadaye kumzika.

Haya niliyajua mapema, maana niliuliza. Lililonichukua muda ni kuelewa anachofanya pale.

"Dada Asnath, hicho unachoandika kinakwenda wapi?"

"Hakiendi. Kinakaa hapo hapo, anayetaka anakuja kukisoma. Inaitwa blogu."

"Anatoka wapi?"

"Popote duniani."

"Na anakulipa?"

"Halipi yeye. Pembeni kuna matangazo, unayaona? Msomaji akibonyeza tangazo, mwenye tangazo ananilipa kidogo. Zikijaa kiasi fulani, wananitumia hundi."

Nilirudi mlangoni nikiwa na maswali mengi kuliko niliyokwenda nayo. Mtu wa Ulaya anatangaza bidhaa zake pembeni ya maneno ya Asnath, mtu wa popote anayabonyeza, na hela inaangukia Dodoma. Nilimuuliza tena siku iliyofuata, na iliyofuata, mpaka akaniambia na lile lililokuwa chini ya yote. Chumba chake cha Area D kilikuwa kimelipiwa hadi mwisho wa mwaka. Blogu isipomlipa, angefunga mizigo arudi Kongwa kwa kaka yake, akae chini ya wifi yake kama mtoto aliyeshindwa shule.

"Kongwa si kubaya," alisema. "Ila nikirudi safari hii, sitoki tena. Na wewe Kuluthumu, na huo mdomo wako, usimwambie mtu. Hasa wa kanisani."

"Kwa nini wa kanisani?"

"Kwa sababu wao wanadhani bado nina kiinua mgongo."

Sikumwambia mtu. Napenda kujua, sikusema napenda kusambaza.

Blogu yake ilikuwa ya mapishi, na mwanzoni ilikuwa nzuri kweli. Aliandika jinsi mama yake alivyopika mlenda wa karanga, namna upekecho, kile kijiti cha kukorogea, unavyozungushwa mpaka mlenda uvutike bila kufanya mabonge, na kwa nini ugali wa uwele haupendi haraka. Mimi nilizisoma zote, hata ile ndefu kuhusu chungu kilichopasuka siku ya mahari. Nilisoma njaa ikanishika.

Msomaji wake wa kwanza, ukiniondoa mimi, alikuwa kijana wa Mpwapwa aitwaye Optatus, aliyekuwa akisoma nchi moja ya baridi. Aliandika chini ya habari ile ya mlenda: "Dada, umeniliza. Naomba kuuliza, majani nyinyi mnakausha juani au kivulini? Mama yangu alifariki kabla sijamuuliza."

Ningekuwa mimi, ningejibu papo hapo. Lakini siku hizo Asnath alikuwa ameanza kuugua ugonjwa wa kuangalia kaunta. Akikaa tu, kabla ya kuandika chochote, anafungua kule kwenye hesabu ya matangazo. Imeongezeka? Haijaongezeka. Anafunga, anafungua tena. Mgonjwa wa homa hapimwi joto mara nyingi hivyo.

Kaunta ilipogoma, akaanza kubahatisha. Mtu mmoja alimwambia watu wanapenda mpira, akaweka matokeo ya mpira wa Ulaya katikati ya mapishi. Mwingine akamwambia mapenzi, akanakili mahali fulani mashauri ya ndoa, yeye ambaye hakuwahi kuolewa. Akaongeza matangazo juu, chini na katikati, mengine yakiwaka na kuzima, mpaka kuufikia mlenda ilibidi upite sokoni kwanza. Akaweka na wimbo unaojipiga wenyewe ukifungua ukurasa. Wateja wangu waliruka vitini.

"Dada Asnath," nilimwambia, na nilimwambia kwa hasira, "huu mpira umeingiaje jikoni?"

"Watu wanataka vitu vingi."

"Watu gani? Aliyekuuliza kitu ni Optatus, na hujamjibu."

"Optatus ni mmoja, Kuluthumu. Mmoja hanilipii chumba."

Nilirudi mlangoni. Ni vigumu kubishana na mtu anayehesabu wiki zake za kukaa mjini.

Ndipo akamwomba Mama Noeli. Mama Noeli, Evelina kwa jina lake la ubatizo, alikuwa mweka hazina wa kwaya aliyoimbia Asnath. Mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, na ukiona harusi imefana Dodoma ya wakati ule, ujue yeye alikuwa kwenye kamati. Asnath alimwomba jambo dogo tu: siku akipita mjini, aingie kwetu, afungue blogu, abonyeze tangazo moja. Hakumwambia habari za chumba wala za Kongwa. Alisema ni biashara mpya anaijaribu.

Kumwambia Mama Noeli jambo dogo ni kazi bure. Jumamosi iliyofuata, mazoezi ya kwaya yalipokwisha, alitokea mlangoni na sauti ya kwanza nyuma yake, na sauti ya pili, na wale mabwana wa besi wenye makoti.

"Mbukwenyi!" alitusalimu wote kwa Kigogo. "Binti, tumekuja kumchangia mwenzetu. Tuonyeshe pa kubonyeza."

"Shikamoo mama. Mnataka kompyuta ngapi?"

"Zote."

Nimeona michango mingi maishani, lakini ule ulikuwa wa aina yake. Walikaa wawili wawili. Mama Noeli alipita nyuma yao kama msimamizi wa mtihani, akihakikisha kila mmoja ameshika mausi na kila mmoja ametoa. Matangazo yenyewe yalikuwa ya kigeni, ya matairi ya kupita kwenye barafu na bima za meno. Bwana mmoja wa besi alibonyeza tangazo la chakula cha mbwa, akaangalia picha kwa muda mrefu, akamuuliza mwenzake kama huyo mbwa naye anasali kabla ya kula. Walicheka, wakabonyeza, wakaondoka. Jumamosi iliyofuata walirudi, na iliyofuata, mpaka ikawa kama sehemu ya mazoezi.

Kaunta ilipanda. Asnath aliangalia namba zile akaweka mkono mdomoni. Nilimfurahia, sitasema uongo, nilifurahi mpaka nikamnunulia chai. Kitu kimoja tu kilinishangaza, nikawa nakizungusha kichwani kila Jumamosi. Hakuna hata mmoja wao aliyesoma. Walibonyeza pembeni ya mlenda, juu ya mlenda, chini ya mlenda, na jicho halikugusa mlenda. Nilimuuliza mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza kama amependa habari ya chungu. "Chungu gani?" akasema. Lakini nikawaza, mchango ndivyo ulivyo. Ukipewa kadi ya harusi huangalii maua yaliyochorwa, unaangalia unatoa nini.

Barua ya kampuni ya matangazo ilikuja kwa Kiingereza, siku hundi ilipokuwa imekaribia kabisa. Asnath aliisoma peke yake, kisha akaniita niisome na mimi, akitumaini labda mimi nitaielewa vizuri zaidi. Haikuwa na mafumbo. Walikuwa wameona kwamba mibonyezo karibu yote inatoka sehemu moja, kwenye kompyuta zile zile, kila Jumamosi. Huo, walisema, ni udanganyifu. Akaunti imefungwa, fedha zote zimerudi kwa wenye matangazo, na hawezi kufungua nyingine.

Asnath hakulia. Alifunga mkoba wake, akaufungua, akaufunga. Niliumia kumtazama.

Jumamosi ile Mama Noeli alipoingia na jeshi lake, ikabidi mimi ndiye niseme. Alinisikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Wamekataa mchango?"

"Wanasema anayebonyeza awe msomaji, mama. Awe mtu asiyemjua Asnath."

"Kwani sisi wezi? Tumeingia hapa kwa siri? Ndugu asimsaidie ndugu yake, amsaidie nani, adui?" Aligeukia kompyuta kana kwamba wale wazungu wamo ndani. "Hawa watu walizaliwa bila shangazi!"

Mabwana wa besi waliinamisha vichwa. Walikuwa wameona haya, na hawakujua wamekosa nini. Mimi nilijua kwa nini barua ile imeandikwa, na bado nilikuwa upande wa Mama Noeli. Mpaka leo sijui mtu anawezaje kuwa sahihi na bado akakosea hivyo.

Asnath alirudi mara moja tu baada ya hapo. Aliondoa mpira, akaondoa mashauri ya ndoa, akaondoa ule wimbo. Matangazo yalishakwenda yenyewe. Mlenda ukabaki peke yake katikati ya ukurasa mweupe pande zote. Halafu akaandika kwa vidole vyake vya haraka habari moja fupi akaiita "Nafunga Jiko", akanilipa, akanishika mkono. Alisema anakwenda kutafuta maboksi ya kufungia vyombo.

Wiki haikwisha, Mama Noeli akaja peke yake. Alisema amekuja kuona kama wazungu wamepoa. Nilimfungulia ukurasa.

"Ya kubonyeza yako wapi?"

"Hayapo tena, mama."

Alikaa pale akiwa na mikono mapajani. Hakuwa na cha kubonyeza, na nusu saa alikuwa ameshailipia, na Mama Noeli si mtu wa kuacha alicholipia. Akavaa miwani, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama anavyosoma somo kanisani.

"'Ndugu wasomaji. Jiko hili nalifunga. Mwisho wa mwezi huu wa Desemba chumba changu kinakwisha na sina cha kukilipia, kwa hiyo narudi Kongwa kwa kaka yangu, na kule hakuna intaneti. Wapo waliojitahidi kunisaidia. Nawashukuru. Hawakujua nilikuwa na shida kiasi gani, kwa sababu sikuwaambia. Niliona aibu.'"

Kidole kilisimama. Aliurudia mstari wa mwisho kimya, midomo ikicheza.

"Hii ameandika lini?"

"Juzi, mama."

"Dunia nzima inajua, mimi nimekaa naye benchi moja kila Jumapili sijui?"

Chini ya maneno ya Asnath palikuwa na maneno mengine, na kidole chake kiliteremka chenyewe mpaka pale. Alikuwa Optatus. Akasoma na hayo kwa sauti ile ile: "'Pole sana dada. Nimesoma huku mbali nikashindwa kula. Naomba kuuliza tu, kwani hapo Dodoma huna watu?'"

Mama Noeli alivua miwani. Nilidhani atafoka, nikajiandaa. Hakufoka. Uso wake ulikuwa umevimba kwa aibu, na machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta.

"Huyu ni nani?"

"Msomaji wake. Kijana wa Mpwapwa, yuko ng'ambo."

"Huwa anasoma?"

"Kila kitu, mama."

Alijifuta uso kwa kiganja. Kisha akavaa miwani tena na kuvuta kiti mbele mpaka tumbo likagusa meza.

"Chumba changu cha uani kina magunia ya mtama. Mtama utalala sebuleni, Asnath atalala uani, na akitaka kuandika hayo mambo yake ataandika, na safari hii nitasoma. Leo hii naenda kumwambia. Lakini kwanza huyu kijana ajibiwe. Naandikia wapi?"

Nilimwonyesha. Alitafuta herufi moja moja, kwa kidole kile kile kilichobonyeza matairi ya barafu, na kila alipoipata aliipigia kelele kidogo. Sikumsaidia, alikataa. Ilipokwisha ilikuwa imesimama pale chini ya swali la Optatus, kwa herufi kubwa: WATU TUPO.

"Sasa?"

"Sasa bonyeza hapo, mama. Ndipo iende."

"Haitaharibu?"

"Haiharibu."

Alibonyeza mara moja tu, akauinua mkono haraka kama ameshika sufuria ya moto. Halafu akasogeza uso karibu na kioo, akasubiri.

"Ameshasikia?" aliniuliza.