Mkono wa Pili

Mimi ni mchora mabango hapa Songea, na kwenye mabango hakuna kosa lisilotengenezeka. Ng'ombe wa bucha akitoka mwembamba, unasubiri rangi ikauke, unampiga mkono wa pili, ananenepa. Hivyo ndivyo nilivyojua kazi kabla sijakutana na mzee mmoja Mchina, aliyekuja kukaa na mwanawe, injinia wa barabara, nyumba ya pili kutoka kwangu.

Mzee alichora milima ya kwao kwa brashi na wino mweusi. Nikamwomba anifundishe. Laiti ningenyamaza! Wiki mbili nzima sikugusa brashi. Kazi yangu ilikuwa kusugua kipande cha wino kwenye jiwe lenye maji, kama anayesaga ulezi. Siku niliyogombana na mwenye bucha, mzee aliniangalia usoni, akanirudisha nyumbani. "Fundi moyo chafu, mlima chafu," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kesho." Nilikasirika kweli. Mlima unajuaje nimegombana na nani?

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: mstari ukishapita, haurudiwi. Kuurudia ni kusema uongo. Maji yakimwagika hayazoleki, sawa, lakini wino?

Nilivumilia kwa sababu niliutaka muhuri wake mwekundu, wenye jina lake, aliougonga pembeni mwa kila picha aliyoikubali. Aliniahidi kwamba kabla hajaondoka ataugonga kwenye picha yangu moja, ijulikane kuwa mimi ni mwanafunzi wake. Mtaa mzima nilishautangazia.

Nikachora mlima wetu wa Matogoro asubuhi, ukungu kiunoni. Ilitoka vizuri, ila kwenye msonobari wa mbele brashi iliruka, shina likakatika katikati. Niliikodolea macho mpaka ikakauka. Kisha nikachovya ncha ya brashi, nikaunga. Kidogo tu! Hata mke wangu hakuona.

Kesho yake nikaipeleka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akaiinua dirishani, mwanga ukapita, na pale kwenye shina wino juu ya wino ukaonekana mweusi kuliko kwingine. Hajauliza kitu, nikaanza kujitetea: karatasi nyepesi mno, brashi kuukuu. Nilijisikia ninavyoropoka nikajichukia, lakini mdomo haukusimama.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Alichukua muhuri, akaubonyeza kwenye wino mwekundu, akaniwekea kiganjani.

"Fundi, piga mwenyewe."

Hakuna aliyenizuia. Niliuinua mara mbili. Mwisho nikaurudisha mezani, nikachukua picha yangu, nikatoka bila kuaga.

Mzee alisharudi kwao. Picha iko sebuleni, wageni wanausifu mlima, halafu wanauliza mbona pembeni nimeacha nafasi nyeupe. Rangi nyekundu ninayo. Kwa mchora mabango, kuchora muhuri ni kazi ya dakika tano. Huu ni mwaka wa pili, mjinga mimi, nimeshindwa.